Urea inanipa majani, samadi inanipa mafuta. Nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaokeneka mafuta ya kunukia.

Nalima mrehani. Shamba nimeligawa: upande mmoja samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mwingine urea. Wa urea umestawi mpaka raha, majani mapana, kijani kilichokolea. Lakini nikikeneka kwa mvuke, majani ya uzito uleule yanatoa mafuta kidogo kuliko ya upande wa samadi. Hata ukisugua jani kiganjani unasikia tofauti.

Naelewa kwamba urea ni naitrojeni 46%, na ikizidi mmea hukimbilia kujenga majani kuliko mafuta. Hapo sina ubishi. Kinachonitatiza ni hesabu ya jumla, maana majani ya urea ni mengi kiasi kwamba mafuta ya eneo zima hayapishani sana.

Nimepunguza urea, na pande zote navuna asubuhi moja, maua yakianza kuchanua. Pengo limepungua ila lipo.

Sasa, nikiweka samadi wakati wa kuandaa shamba, kisha urea kidogo baada ya kila mvuno, nitapata wingi bila kupoteza kiwango cha mafuta? Na je, mbolea hubadilisha uwiano wa linaloli na eujenoli (kemikali zinazoyapa mafuta ya mrehani harufu yake), au hilo ni la aina ya mbegu zaidi? Mnunuzi wangu anaangalia sana harufu.

("Samadi ni ya asili, tumia hiyo tu" nimeshaambiwa sana. Natafuta aliyepima.)