Hivi hizi timu za nchi ndogo zinaingiaje makundi Ulaya wakati vigogo wanabaki nje?

Mtoto wa Kariakoo
Wakuu habari za jioni. Toka ile siku Qarabag ya Azerbaijan wameenda Lisbon wakatanguliwa 2-0 na Benfica halafu wakageuza ikawa 3-2, mkeka wangu ukachanika pale pale, nimeanza kuzifatilia hizi timu ambazo zamani nikiziona kwenye ratiba naruka tu. Sasa kuna kitu sielewi. Klaksvík ya Visiwa vya Faroe, nchi nzima watu kama elfu 54, kuna kata za Dar zinawazidi, 2023 walifika mpaka makundi ya Conference League, lile kombe la tatu kwa ukubwa Ulaya, na msimu huo huo Chelsea hayupo Ulaya kabisa anaangalia kwenye tv. Hao UEFA wanawabeba au kuna fomula? Na ligi yao inafaidika au ni hiyo timu moja tu ndo inakula?

Fundi Mchundo
Hakuna kubebwa mkuu. Ukitoa Urusi waliofungiwa na Liechtenstein ambao hata ligi yao hawana, kila bingwa wa nchi ana tiketi ya Ligi ya Mabingwa, walau ya mchujo, hata awe wa Gibraltar. Kinachowasaidia ni njia ya mabingwa. Toka 2009 mchujo umegawanywa, mabingwa wa ligi ndogo wanacheza wao kwa wao, na wale washindi wa pili na wa tatu wa ligi za kati wanakutana kivyao, kwahiyo huwezi kukuta Klaksvík kapangwa na mshindi wa tatu wa Ureno. Halafu bingwa akitolewa hafungashi virago, raundi ya kwanza anashushwa Conference, kuanzia ya pili anashushwa Europa League, na akitolewa na huko kwenye mchujo anashushwa Conference.

Chukua hiyo 2023 yenyewe. Raundi ya kwanza Ferencváros, mechi ya kwanza suluhu, kila mtu akajua Budapest wanaenda kuliwa, wakaenda wakashinda 3-0 na kocha Cherchesov, yule aliyeifikisha Urusi robo fainali Kombe la Dunia 2018, akafukuzwa baada ya hapo. Raundi ya pili Häcken bingwa wa Sweden, suluhu tena, marudiano 3-3, penati, wakapita. Sasa hapo ndo pa kuangalia vizuri, msimu ule ukishafika raundi ya tatu kwa njia ya mabingwa hata ukipoteza kila kitu kilichobaki makundi ya Conference ulikuwa umeshaingia. Na ndivyo ilivyokuwa, Molde akawatoa dakika za nyongeza, wakashushwa Europa, Sheriff naye akawatoa, na bado makundi wakaingia. Huko nako hawakwenda kutalii, Olimpija Ljubljana alikula tatu bila na Lille akaambulia suluhu.

Mtoto wa Kariakoo
Duh, unatolewa mara mbili na bado upo? Sasa hiyo si ndo kubebwa kwenyewe 😂

Bishoo wa Keko
Mimi naomba Sheriff asitiwe kapu moja na hao wengine. Watu wanasema ooh kitimu cha Moldova kimemfunga Real Madrid Bernabéu, Septemba 2021, 2-1. Kitimu gani, ile ni timu ya kampuni yenye masupamaketi na vituo vya mafuta huko Transnistria, eneo lililojitenga na Moldova. Bao la kwanza Yakhshiboev wa Uzbekistan, la ushindi mwishoni kabisa Thill wa Luxembourg, kipa Mgiriki, Wamoldova kwenye hicho kikosi unawatafuta kwa tochi. Kibonde halisi ni Lincoln Red Imps wa Gibraltar, Julai 2016 walimpiga Celtic 1-0, mechi ya kwanza ya mashindano ya kocha Rodgers pale Celtic, na mfungaji Casciaro kazi yake ilikuwa polisi. Marudiano Glasgow walipigwa 3-0 sawa, lakini ile moja nani atawanyang'anya.

Nyanya wa Kisumu
Na hata hayo makundi Klaksvík hawakuchezea kwao, uwanja haukufikia viwango vya UEFA, ikabidi wahamie Tórshavn. Sisi Wakenya hiyo stori tunaijua, Harambee Stars 2024 "nyumbani" kwetu ilikuwa Malawi. Tofauti ni kwamba shabiki wa Klaksvík anaingia tu kwa gari, anapita mahandaki mawili ya chini ya bahari na yuko uwanjani. Mimi kwenda Lilongwe nauli nitoe wapi?

Mhasibu Mstaafu
Mbona swali la pili mmelikimbia? Makundi ya Conference msimu ule ilikuwa yuro milioni 2.94 kabla hujagusa mpira, ukishinda mechi unaongezewa laki tano, sare laki moja sitini na sita elfu. Hizo pesa zinaingia kwenye ligi ya timu kumi ambayo wachezaji wengi mchana wana kazi zao, usiku ndo mazoezi. Wale tisa watashindana na nini? Ndo hapo inazaliwa ligi ya bingwa mmoja. Rosenborg alichukua Norway miaka 13 mfululizo 1992 mpaka 2004, BATE naye 13 kule Belarus, Ludogorets Bulgaria 14 mpaka 2025. Bingwa anaenda Ulaya, anarudi na hela, ananunua straika wa mshindi wa pili, mwakani bingwa tena. Kwa mtazamo wangu UEFA wameshibisha timu moja na kuua utamu wa ligi nzima, halafu sisi huku tunapiga makofi.

Fundi Mchundo
Mzee naheshimu ila Faroe haijafika huko. 2024 Klaksvík akiwa na hizo hela zote ubingwa ulienda kwa Víkingur. Na usisahau pointi za nchi, zile zinazoamua nchi inapata nafasi ngapi, UEFA wanajumlisha pointi za timu zenu zote halafu wanagawanya kwa idadi ya timu mlizopeleka. CAF hawagawanyi, ndo maana Simba na Yanga wakikaza nchi inapata nafasi nne hata kama wale wengine wawili wanatoka raundi ya kwanza. Kwa UEFA wenzako wakitolewa Julai pointi zako zinagawanywa na wao pia, kwahiyo mkubwa akiwanyonya majirani zake mpaka wakauke anaumia mwenyewe.

Halafu kuna Bodø/Glimt ya Norway, kamji ka kaskazini kabisa, uwanja wa watu kama elfu nane nyasi bandia. Oktoba 2021 wanampiga Roma ya Mourinho 6-1, 2025 nusu fainali Europa League, timu ya kwanza ya Norway kufika nusu fainali Ulaya. Na mwaka huo huo ubingwa wa ligi ya nyumbani wakabeba Viking, timu nyingine. Ligi iliyokufa hiyo?

Mhasibu Mstaafu
Norway wana mafuta bwana, usiwalinganishe na wavuvi wa Faroe.

Fundi Mchundo
Mafuta yalikuwepo 2016 pia, na Bodø mwaka huo walishuka daraja.