Wauza viatu wa Dodoma, hivi mwanamke akifika miaka 50 miguu inakatwa?

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu marahaba. Mods nawaomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la urembo. Haya ni malalamiko. Naandika nimeloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, kwa hiyo mkiona povu mjue linatoka wapi.

Nina miaka 54, mwalimu wa shule ya msingi hapahapa Dodoma mjini, mwaka wa 29 huu nasimama mbele ya ubao. Navaa namba 42. Mnaotaka kucheka chekeni mmalize tuendelee. Nilipoolewa nilikuwa navaa 40, na hakuna shangazi hata mmoja aliyenifunda kwamba mguu nao unazeeka kwa kukua. Zile kano zinazoshikilia mifupa ya unyayo zinalegea, upinde unashuka, mguu unarefuka na kutanuka. Halafu ule mto wa mafuta ulioko chini ya kisigino na chini ya vidole unapungua, ndiyo maana sakafu ya sementi ambayo ujanani hukuwa hata unaisikia, leo unaisikia mpaka kiunoni. Juu ya hapo mimi nina kifundo kimechomoza pembeni mwa kidole gumba cha mguu wa kulia, gumba lenyewe limemwegemea mwenzake kama mlevi. Mama yangu alikuwa nacho hichohicho. Yeye alivaa katambuga na kanga, hakuna aliyemsumbua.

Sasa kilichonileta. Mwisho wa mwezi mpwa wangu ana sendofu, na sare yetu mashangazi ni kitenge cha kijani chenye dhahabu. Jumamosi nikaingia duka moja la mjini, yale ya vioo na kiyoyozi. Binti akanipokea vizuri, "Shikamoo mama, karibu." Marahaba mwanangu. Nikamwambia natafuta kiatu cha sherehe, kisigino kifupi, kipana mbele, 42. Hakuniuliza rangi. Hakuniuliza sherehe gani. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka ndala, akainama chini ya kaunta, akaibuka na boksi lenye vumbi. Ndani kuna kitu cheusi, cha mpira, kina matobo juu, kinafungwa kwa ile kanda ya kubandika inayolia chrrr. Akasema, "Hivi ndivyo wanavyopenda kina bibi."

Nikamwonyesha kiatu kilichokuwa dirishani. Rangi ya dhahabu iliyofifia, kisigino kifupi kinene, kamba moja kifundoni. Kizuri, jamani, kizuri kweli.

"Aa, hivyo ni vya wadada, mama. Halafu vinaishia 39."

Vinaishia 39! Nikatoka. Nikaenda Majengo, nikaenda Sabasaba, nikamalizia kwa machinga kule Bahi Road. Kote hadithi ni moja. 37, 38 na 39 zimepangwa mpaka darini. 40 unaipata kwa bahati. 41 "ilikuwepo jana". 42 wanakuelekeza upande wa wanaume. Na kweli mwaka wa pili huu kazini navaa moka za kiume. Mwezi wa pili mtoto wa darasa la tatu aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, leo umevaa viatu vya baba?" Sikumchapa. Alikuwa anasema kweli.

Mimi siendi dukani kichwa kichwa. Nina karatasi. Nilichukua manila, nikasimama juu yake, maana ukikaa mguu haujatandaa, na ilikuwa jioni baada ya kazi, mguu ukiwa umeshavimba kama unavyovimba kila siku. Mjukuu akazungusha penseli, nikakata, nikafanya na wa pili, kwa sababu miguu miwili hailingani. Hizo karatasi zinakaa kwenye pochi. Nikifika dukani nageuza kiatu, naweka karatasi kwenye soli. Ikitokeza pembeni sihangaiki hata kujaribu.

Pale Majengo kijana alicheka, "Mama umekuja na ramani?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, nisipotee. Niliweka ile ramani kwenye jozi saba. Kwenye zote saba ilimwagika kando kama chapati iliyozidi sahani. Na jozi mbili zote zimeandikwa 41, ukizisimamisha pamoja moja imeizidi mwenzake karibu upana wa kidole! Sasa namba ni ya nini? Halafu namba inapima urefu tu. Kutoka 41 kwenda 42 hata milimita 7 hazifiki, na upana haukuahidiwa popote. Kwa hiyo ule ushauri wenu wa "chukua kubwa zaidi mama, utaweka soli ndani" ni wa kunitoa tu dukani na hela mmeshapokea. Mguu unateleza mbele, vidole vinagonga, kisigino kinachomoka, unatembea umekaza vidole kama kuku aliyetua kwenye waya.

Na huu mwingine: "Hicho kitatanuka mama, ni ngozi." Ngozi ya mnyama gani? Kiatu kinanuka mafuta ya taa! Ngozi kweli inatanuka. Hiyo ya plastiki haitanuki, inakungoja wewe ndiyo upungue, na ikichoka inabanduka kama rangi ya ukuta uliolowa.

Mtandaoni nako nimekwenda, msidhani mimi wa zamani. Muuzaji yuko Dar, picha nzuri, kaandika 42 ipo. Nikatuma 65,000 na 5,000 ya basi. Mzigo ukaja, nikaingiza mguu, ukagoma katikati. Nikageuza soli. Kuna kistika cheupe kimeandikwa 42. Nikakikwangua kwa ukucha taratibu, chini yake imechongwa kwenye mpira wenyewe: 40. Nikapiga picha nikamtumia. Akasoma. Akajibu "mali ikishauzwa hairudishwi", kisha akaniblock. Mume wa mwalimu mwenzangu ni wakili, akanieleza kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Nikamuuliza, shemeji, kesi ya 65,000 nitakwenda kuifungua mahakamani nimevaa kiatu kipi?

Kabla hamjasema mtumba, ngojeni niwape ya mtumba. Mnadani Msalato nilipata kiatu cha ngozi halisi, kahawia, 42, kipana, 25,000. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikakitunza boksini miaka miwili nikisubiri shughuli yenye hadhi, na mwaka jana ikaja, harusi ya mtoto wa jirani. Ukumbini tukapanga mstari kwenda kutunza, muziki umenoga, mimi nasikia kama nakanyaga biskuti. Nikageuka. Kuanzia mezani kwetu mpaka nilipo, kwenye vigae vyeupe, kuna mstari wa makombo meusi! Soli imemomonyoka yote, nacheza nimesimamia ngozi. Mhudumu akaja na ufagio, akawa ananifuata nyuma. Video ipo, kwenye grupu la familia inaitwa "mvua za rasharasha".

Fundi viatu ndiye aliyenipa somo. Hizo soli nyepesi za povu zinaoza kwa kukaa. Unyevu unazila ndani kwa ndani hata ukizifungia boksini, na kinachovaliwa mara kwa mara kinaweza kudumu kuliko kilichohifadhiwa. Ukinunua mtumba ukandamize kidole gumba kwenye soli kabla hujalipa. Ikibaki na shimo, au ikiacha unga mkononi, rudisha. Alinishonea soli nyingine ya mpira, nzito kama tofali, sasa ndivyo viatu vyangu vya shambani Hombolo.

Hapa nipunguze utani. Kuna mwalimu mwenzangu, ana kisukari, miguu ina ganzi. Naye alikosa kiatu kinachomtosha akawa anavaa zile flati nyembamba kama karatasi, maana ndizo pekee zilizokuwa na upana. Mnajua ardhi yetu hii, mbigili kila kona. Mmoja ukatoboa soli ukaingia. Akafundisha vipindi vyote, akarudi nyumbani kwa miguu, hakusikia kitu. Jioni akavua, kiatu kimelowa damu. Kile kidonda kilichukua miezi. Sasa kila asubuhi anaingiza mkono ndani ya kiatu kwanza, anapapasa, ndipo anavaa. Kwa hiyo kuna watu mkiwaambia "urembo wa nini kwa umri huo", mjue hatuzungumzii urembo tu.

Lakini na urembo tunauzungumzia pia! Kwa nini tusiuzungumzie? Nani alipanga kwamba kiatu kikiwa kipana lazima kiwe kibaya? Dukani kuna mafungu mawili tu. Mchuchumio wa kidole kwenda juu, uzito wote wa mwili umemwagwa kwenye vidole, au lile jeneza jeusi la chini ya kaunta. Katikati hakuna kitu. Mzee wangu nyumbani kanishauri nivae raba, gauni refu litafunika. Litafunika, ndiyo. Na mimi nitakaa sherehe nzima sinyanyuki.

Na tusioneane haya, wanawake wenyewe tuna sehemu yetu. Tunaingiza mguu wa 42 kwenye 40, tunachechemea siku tatu, tunasema kiatu kizuri ila kinabana kidogo. Muuzaji anaona 40 imetoka. Mmoja pale Majengo, mstaarabu, alinielewesha: katoni inakuja imeshapangwa, 37 mpaka 41, na hiyo 41 ni jozi moja. Akitafuta 42 anatafuta nje ya katoni, na ikikaa mwezi hela yake imelala. Nikamwambia baba, tangu serikali ianze kuhamia huku, wanawake wenye mshahara wa kudumu katika mji huu wana umri gani? Wanaoshuka jioni kwenye mabasi ya Mtumba, kule mji wa serikali, wamevua viatu wamevishika mkononi, ni wa miaka 22? Akanyamaza, akaniambia nirudi mwezi ujao. Nitarudi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Aliyesema nivae yeboyebo: mdogo wangu, mlete mama yako humu nimsalimie.

Wanaosema niende Kariakoo: nilikwenda, kwa SGR, 31,000 kwenda na 31,000 kurudi. Nauli peke yake ni kiatu. Nikakuta ghorofa tatu za 38.

Dada aliyeuliza kwa upole, yeye ana 51, anashinda na flati, na kisigino kinamuuma hatua za kwanza asubuhi akitoka kitandani: hizo flati ndizo zinazokumaliza, achana nazo hata kama ni laini. Kiatu kishike kwa mikono miwili ukikunje. Kikikunjika katikati kama kitambaa, kiache. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika, na nyuma kwenye kisigino ukibinya kiwe kigumu. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa gumba la mkono. Nenda jioni. Na kama miezi inapita maumivu yapo palepale, nenda hospitali, mimi ni mwalimu wa hesabu.

Waliobaki ni biashara. Sendofu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nina 85,000 taslimu. Namba 42, kipana, kisigino kisichozidi vidole viwili na kiwe kinene, kamba kifundoni ikiwezekana, rangi yoyote isipokuwa nyeusi. Mwenye nacho Dodoma hii, hata kama ni Ihumwa huko, aje PM. Usinitumie picha. Niambie duka liko wapi na unafunga saa ngapi, nakuja na karatasi yangu.