Neil Young sio Harvest peke yake, mmenichosha jamani!

Wakuu leo niacheni niseme maana nimevumilia sana. Kila ikiulizwa humu tutaje albamu na nyimbo tunazozipenda za huyu mzee Neil Young, mwanamuziki wa rock wa Kanada, majibu ni yale yale, Harvest, Heart of Gold, Old Man, halafu anatokea mmoja anataja Harvest Moon ya 1992 anajiona kachimba mpaka kafika maji. Sawa, Harvest ya 1972 ni albamu tamu hakuna anayebisha, Heart of Gold ndio wimbo wake pekee uliowahi kushika namba moja Marekani, na sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye kanda za Don Williams na Kenny Rogers lile gitaa la Ben Keith linalolia taratibu linatuingia bila hata kupiga hodi. Naipenda na mimi. Kinachonikera ni mtu akithubutu kutaja kitu kingine mnavyomvamia. Juzi kuna ndugu kataja Tonight's the Night akaambiwa ile sio albamu, ni walevi walisahau kuzima mashine. Mwingine kataja Trans, ile albamu yake ya sauti za mashine, akachekwa weee mpaka akafuta alichoandika. Kosa lake nini?

Tuanze na hao "walevi". Danny Whitten alikuwa mpiga gitaa wa Crazy Horse, bendi inayompigia Neil, kijana mwenye kipaji cha kutisha, heroini ikamla. Novemba 1972 Neil anamwita mazoezini kujiandaa na ziara, jamaa hawezi hata kushika nyimbo, ikabidi aondolewe, akapewa tiketi ya ndege na dola 50 arudi Los Angeles, na usiku ule ule akafa. Miezi michache baadaye, 1973, akafa Bruce Berry, kijana aliyekuwa anawabebea na kuwapangia vyombo, heroini tena. Sasa watu wamezika wenzao wawili ndani ya mwaka, wanaingia studio Agosti ile wakiwa na pombe na huzuni, wanapiga usiku kucha, sauti inakatika, inapotea, inarudi, na Neil kaiacha vile vile hakutaka isafishwe. Wimbo wa kwanza kabisa anamtaja Bruce Berry kwa jina. Halafu katikati ya albamu kaweka wimbo wa konsati ya 1970 ambao anayeimba ni Danny mwenyewe, yaani marehemu anaimba kwenye albamu ya msiba wake! Na yule Ben Keith mnayemsifia kwenye Harvest yumo humo humo anapiga. Nyie mnaleta kejeli.

Na kinachonichoma zaidi, The Needle and the Damage Done iko wapi? Iko kwenye Harvest hiyo hiyo yenu! Ule wimbo ulirekodiwa konsati ya Januari 1971, Danny bado yuko hai, mtu analia kuhusu heroini inavyowamaliza wenzake. Mnauimba kwa hisia na macho mmefumba. Sasa yale aliyoyaogopa yanatokea kweli, anatoa albamu kuyaeleza, mnaziba masikio mnasema anapiga kelele. Hiyo haki gani?

Albamu yenyewe ilikaa kabatini karibu miaka miwili mpaka 1975. Na hata ilivyotoka ni kwa sababu Neil aliwasikilizisha marafiki albamu nyingine iliyokuwa tayari kutoka, Homegrown, kwenye utepe ule ule nyuma yake kukawa na Tonight's the Night, Rick Danko, mwanamuziki wa bendi ya The Band, akamwambia toa hii. Akatoa hii, Homegrown ikasubiri hadi 2020. Mtu ana albamu laini mkononi ya kumfurahisha kila aliyependa Harvest, anaiweka pembeni anatoa ya msiba, halafu mnasema hajui anachofanya?

Haya, Trans. Hapa ndo huwa natamani kurusha simu ukutani. Eti Neil Young kawa roboti, eti kachanganyikiwa na kompyuta. Jamani yule mzee ana mtoto anaitwa Ben aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, hawezi kuongea. Miaka ile ya mwanzo wa themanini maisha yote ya ile familia yalikuwa mazoezi ya yule mtoto, saa nyingi kila siku, baba anatafuta njia yoyote ya kufikiana na mwanawe. Ile sauti ya mashine mnayoicheka, ya mtu anayeongea unasikia kuna maneno lakini huyapati, ndio hali yenyewe ya nyumbani kwake. Sikilizeni Transformer Man mkijua hilo halafu mje mcheke tena mbele yangu. Na Geffen, kampuni iliyokuwa inatoa muziki wake, haikuelewa kama nyie msivyoelewa, 1983 ikamshtaki mahakamani ikidai dola milioni 3.3 kwamba anatoa muziki usiofanana na Neil Young. Muziki wa Neil Young haufanani na Neil Young! Na nyie mnaendeleza kesi ileile miaka arobaini baadaye bila hata kulipwa.

Halafu kuna wa "anatafuta kiki uzeeni", kwa sababu 2022 aliziondoa nyimbo zake Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, akipinga uongo kuhusu chanjo ya Uviko. Huyo mtu aliugua polio mwaka 1951 akiwa mtoto wa miaka mitano huko Ontario, kabla hiyo chanjo ya polio haijapatikana. Mwanamuziki mwenzake Joni Mitchell, aliyemfuata kuondoka Spotify, naye aliugua polio utotoni. Kiki gani hiyo? Amerudi 2024, mnasikiliza tena, na bado mnasikiliza zile zile tano za juu.

Na wewe mkuu unayesema aliisha 1979 na Rust Never Sleeps, Freedom ya 1989 yenye Rockin' in the Free World katoa nani? Ragged Glory mwaka uliofuata? Sleeps with Angels ya 1994, yenye Change Your Mind dakika kumi na nne na ushee, gitaa halina haraka ya kwenda popote, umewahi kuifikisha mwisho? Maana naona mnazikimbia ndefu zote, Cortez the Killer mnaruka, Down by the River mnalalamika eti solo ni noti moja. Ndiyo, noti moja anaigonga mpaka inakuuma, ndicho alichokusudia!

Kwa hiyo waliochekwa rudini, wekeni zenu tena na mseme kwa nini mnazipenda. Mimi zangu ni Tired Eyes, Transformer Man, Change Your Mind, na juu ya zote Ambulance Blues inayofunga On the Beach ya 1974, albamu ambayo CD yake tulisubirishwa mpaka 2003. Mwenye Heart of Gold naye aje, ila aje na ya pili.