Uzi wa rekodi za jukwaani za Grateful Dead: ipi ilikunasa, na ilikufikiaje?

Mkaa Veranda
Wakuu, salaam. Najua humu wengi ni watu wa bendi zetu za dansi, Msondo na Sikinde, na mimi nimelelewa hukohuko. Ila nina ugonjwa wa pili ambao sijapata mtu wa kuugua naye kwa Kiswahili: Grateful Dead, bendi ya California. Walipiga kuanzia 1965 mpaka alipofariki mpiga gitaa wao Jerry Garcia, Agosti 1995. Maonesho zaidi ya 2,300, na mengi yake yamenaswa kwenye kanda. Hawakupanga nyimbo za leo zifanane na za jana, na wimbo uleule ungeweza kuwa dakika nane huku, ishirini na tano kule. Ndiyo maana shabiki wao hakuulizi unapenda wimbo gani. Anakuuliza unapenda tarehe gani.

Basi tupeane uzoefu. Taja tarehe, mahali, na nani alikutia humo. Viungo vitupu bila maelezo sitaki.

Naanza mwenyewe. Nipo Oregon, nilikuwa nahudumia wazee zamu ya usiku. Kuna mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, usingizi hana. Chini ya kitanda ana boksi la viatu limejaa kaseti, kila jalada limeandikwa kwa wino wa kijani, herufi ndogo kama mchwa. Usiku mmoja akanichezea ya Veneta, 27 Agosti 1972.

Veneta ni hapo tu nje ya Eugene. Kiwanda kidogo cha maziwa cha Springfield kilikuwa hoi kifedha, mwenyewe ni ndugu yake mwandishi Ken Kesey, wakaiomba bendi ije iwapigie wapate pesa. Tiketi zikachapwa kwenye lebo za mtindi wao! Jua siku hiyo lilipita nyuzi 37, uwanja hauna kivuli, maji yakaadimika. Ndani ya kanda unasikia mtu jukwaani akitangaza habari za maji na watoto waliopotezana na wazazi. Nyuzi za gitaa zinalegea kwa joto, wanakaza, zinalegea tena. Halafu jioni wanaingia wimbo wa Dark Star, zaidi ya nusu saa, na hapo nilisahau kumpa mzee dawa ya saa nane. Aliniambia mwenyewe.

Mtindi wa kile kiwanda bado upo madukani. Naulia ugali.

Ngoja Waje
Nimeweka kiti hapa, wataalamu wanakuja.

Mzee wa Chemko
Mleta mada, nimekuheshimu, nimeitafuta hiyo Dark Star nikaisikiliza. Dakika nyingi zinapita ndipo kuna mtu anaimba, mistari michache, kisha wanarudi kuzurura. Hawa walikuwa wanapima mitambo au onesho limeshaanza?

Fundi Deki
Mzee wa Chemko, nakufahamu wewe. Ukienda dansini unapiga soga na bia yako waimbaji wote wakiimba, ukisikia sebene tu umeshasimama. Sasa hawa wamekuletea sebene kwanza na hawana haraka ya kutoka, unalalamika nini? Dark Star si ya kuanzia, mleta mada kakutupa kina kirefu siku ya kwanza kuogelea. Anza na shoo ya Chuo Kikuu cha Cornell, 1977, pale Scarlet Begonias inapogeuka kuwa Fire on the Mountain. Kuna mahali hujui kama bado upo wimbo wa kwanza au umeshavuka. Besi ya Phil Lesh ndiyo inayokuvusha, wala usisikilize gitaa.

Wa Ithaca
Hapo kwa Cornell mniachie mimi, tafadhali. Nilisoma huko. Mimi ni mtu wa Kitale, na mwaka wangu wa kwanza jamaa tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja alibandika karatasi mlangoni: 5/8/77. Nikadhani ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Aliponieleza ni shoo, nikaenda kuitafuta peke yangu kimyakimya nisionekane mshamba, nikawa natafuta tarehe 5 Agosti 1977. Wiki nzima! Nikakata shauri kwamba jamaa ni mwongo. Kumbe Wamarekani huweka mwezi mbele. Ni tarehe 8 Mei, Jumapili, Siku ya Mama kwao, na nje theluji ilikuwa ikianguka. Mwezi wa tano, theluji. Ukishaishi Ithaca, mji wa hicho chuo, hushangai.

Ukumbi wenyewe ni Barton Hall. Msifikirie ukumbi wa muziki wenye mapazia. Ni banda kubwa la mawe lililojengewa mazoezi ya kijeshi, ndani kuna njia ya kukimbilia, na ndimo tulimofanyia mitihani. Nimekaa humo na karatasi ya takwimu mbele yangu, swali la tatu limenishinda, nikaanza kuangalia vyuma vya paa nikijiuliza sauti ilikuwa ikigonga wapi. Kabla ya nusu ya pili mtawasikia wenyewe wakiwaomba watu warudi nyuma hatua moja, maana wa mbele walikuwa wanabanwa. Halafu ndipo Scarlet inaanza. Na mwisho mwisho kuna wimbo wa Morning Dew. Sitasema kitu kuhusu hiyo Morning Dew, sikilizeni usiku.

Ilitolewa rasmi 2017, na tayari Maktaba ya Bunge la Marekani ilishaiweka kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa. Wako wanaosema shoo ya Buffalo ya kesho yake ni bora zaidi. Waacheni.

Fundi Deki
Wa Ithaca, karatasi ya takwimu ulipata ngapi?

Wa Ithaca
Turudi kwenye mada.

Fundi Deki
Haya. Mimi ni wa enzi za posta, kwa hiyo niwape darasa kidogo vijana wa simu.

Rekodi ni za aina mbili. Kuna iliyotoka kwenye miksa, yaani meza ya fundi mitambo, ambapo kila chombo ni safi lakini watu huwasikii. Na kuna iliyonaswa na mashabiki kwa maikrofoni zao katikati ya ukumbi: inavuma, mtu anakohoa, mwingine anapiga mluzi sikioni kwako, lakini unajua upo na watu. Bendi haikuwafukuza. Msimamo wa Garcia ulikuwa kwamba wakishaupiga muziki, ni wa wasikilizaji. Mwaka 1984 wakafika mahali pa kuwauzia wenye maikrofoni tiketi za sehemu yao maalumu, nyuma ya meza ya fundi mitambo, maana nguzo za maikrofoni zilikuwa zimeota kama mianzi na kuwaziba wengine.

Sheria ilikuwa moja: kanda haiuzwi. Unabadilishana, au kama huna cha kubadilisha unatuma kaseti tupu na stempu za kurudishia, mwenye nayo anakunakilia. Mimi nilituma Maxell tano za dakika 90 kwa mtu nisiyemjua, miezi miwili kimya. Nikashajiambia nimeliwa. Siku moja bahasha hii hapa, zote tano zimejaa, na ya sita ya nyongeza: Harpur College, 2 Mei 1970. Upande wa kwanza wamekaa na magita makavu wanaimba kama wapo barazani, kisha wanachomeka umeme, na The Other One inakuja kama lori lililokatika breki.

Ila kaseti ni kaseti. Dakika ya 45 ikifika haijali Garcia yuko wapi. Kuna Dark Star niliyoijua kwa miaka na pengo katikati, klak, geuza, endelea. Nilipoipata nzima kwenye kompyuta sikuipenda, nilikuwa nasubiri ule mlio. Ile Harpur yenyewe ililiwa na redio ya gari. Niliuvuta mkanda nje taratibu kama mtu anayetoa mwiba, mita nzima imekunjamana, nikauzungusha kwa kalamu ya Bic. Inalia mpaka leo, pale palipokunjika tu Garcia anakuwa kama anaimba ndani ya ndoo.

Kuhusu kanda za Cornell, mjue jina la Betty Cantor-Jackson. Yeye ndiye aliyezinasa, na masikio ya yule mama hayana mfano. Baadaye mambo yakamwendea vibaya, kodi ya chumba alichohifadhia ikamshinda, na 1986 mizigo ikapigwa mnada. Wageni tu wakanunua, na nakala zikaanza kutembea. Utamu tunaoufaidi ulitoka kwenye hasara ya mtu, na mimi hilo huwa linanikaa kooni.

Bin Shangani
Assalaam aleykum jamani. Mimi ni Mzanzibari, nipo Maskati mwaka wa ishirini na zaidi. Nyote mmezunguka Marekani, hakuna aliyefika Misri.

Tarehe 14, 15 na 16 Septemba 1978 hawa watu walipiga Giza, chini ya Abulhauli, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, piramidi nyuma yao. Mimi sikuwa shabiki wa gitaa la umeme hata kidogo, nilikuwa natafuta udi. Namtafuta Hamza El Din, Mnubi, ambaye kijiji chake kilimezwa na maji ya bwawa la Aswan. Udi wake ni mkavu, hauna mapambo mengi, kila noti inaachwa ipumue. Nikakuta jina lake limeandikwa pamoja na hawa Grateful Dead, nikasema hapa pana makosa.

Hapakuwa na makosa. Usiku wa tarehe 16 Hamza na waimbaji wa Kinubi wanaanza kwa tari na makofi tu. Makofi yale, jamani, mtoto wa taarabu yanamuinua kiti, mmoja anapiga hapa mwengine anajibu katikati. Halafu polepole gitaa la Garcia linaingia chini yake kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Wanubi wanatoka kidogo kidogo, na kabla hujatanabahi mmeshafika Fire on the Mountain. Na usiku huohuo mwezi ulipatwa.

Sasa niseme kweli: shoo zenyewe si nzuri hivyo. Piano haikukazwa nyuzi vizuri, mpiga ngoma mmoja, Kreutzmann, kavunjika mkono, anapiga kwa mmoja. Walitaka hata kukitumia chumba cha ndani ya piramidi kuzalisha mwangwi, mambo ya waya yakawashinda. Miaka 30 wakazikalia, mpaka 2008 ndipo wakazitoa. Wajuzi watakwambia nunua ya 1977. Mimi nakwambia sikiliza zile dakika za makofi, kisha zima.

Kwetu tulikuwa na kanda kama hizi za Fundi. Harusi ikiwa na kikundi, safu ya mbele kuna redio-kaseti nne tano zimewekwa chini, kila mwenye yake kaibonyeza. Kesho yake mtaa mzima unajua nani alikwenda kumtunza mwimbaji kwenye ubeti gani, na nani aliambiwa.

Dada wa Spika
Shekhe Bin Shangani umenimaliza, naenda kuitafuta sasa hivi.

Mimi ni fundi mitambo, Toronto, kwa hiyo mtanisamehe, yangu ni 1974. Mwaka ule walisimamisha nyuma yao ukuta wa spika, mamia, tani 75 hivi. Kila chombo kilikuwa na spika zake, wanamuziki wanasikia kilekile wanachosikia watu. Lakini ukisimama mbele ya spika zako na maikrofoni, itapiga yowe. Wakafunga maikrofoni mbili mbili kwa kila mwimbaji, zimeunganishwa kinyume: unaimba kwenye moja, sauti inayoingia zote mbili kwa pamoja inajifuta. Ndiyo maana kwenye kanda za mwaka ule sauti za kuimba ni nyembamba kidogo na besi ni kama imekaa sebuleni kwako. Sikilizeni Boston, 28 Juni 1974. Gharama za kuusafirisha ule ukuta ziliwatoa jasho, na Oktoba wakapumzika ziara kabisa.

Na mwenye kupenda saksafoni asikose 29 Machi 1990, Nassau Coliseum, Branford Marsalis amealikwa. Eyes of the World. Basi.

Mzee wa Chemko
Nimerudi. Hiyo Scarlet nimeisikiliza. Nimeirudia. Sisemi zaidi ya hapo. Mleta mada, huyo mzee wako alikuuzia au alikupa? Maana Fundi kasema haiuzwi.

Mkaa Veranda
Mzee, hapo umenigusa. Nilimwomba anipe nikanakili. Akaniambia lete kaseti tupu. Mwaka 2015, Oregon, kaseti tupu naipata wapi? Nikamletea ya marehemu baba, Sikinde, aliyoinasa mjomba kwa redio yake ukumbini. Nimeshaziba vile vitundu vya juu kwa selotepu ili iweze kurekodiwa. Mzee akaishika, akaitazama selotepu, akanitazama mimi. Akaibandua. Akaiweka kwenye deki akasikiliza upande mzima macho yamefungwa, na sebene lilipoingia akanyoosha kidole juu, akakiacha hapohapo.

Kisha akataka tarehe na mahali. Nikampigia mjomba Tabata, kule kumeshakucha. Mjomba anasema tarehe hakumbuki, ila ni DDC Kariakoo, Jumapili, na mvua ilinyesha mpaka mabati yakawa yanashindana na ngoma.

Mzee akachukua kalamu yake ya kijani akaandika kwenye jalada: Kariakoo, Jumapili, mvua. Akaitia kwenye boksi, kati ya 1972 na 1973, na ya Veneta akanipa ileile ya kwake.