Tunabishana king'amuzi kipi bora, kumbe tunaumizwa na ufungaji! Bati limetobolewa, dari limeoza, bado naambiwa "ni mvua"

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Mwezi wa tatu nilinunua king'amuzi cha dishi kwa ajili ya mama, anayeishi nyumba ya nyuma hapa kwangu Kimara. Dukani nikaambiwa bei ile ni pamoja na ufundi, nitulie nyumbani, fundi atanifuata. Alikuja kwa bodaboda, dishi kalikumbatia kifuani, bunda la waya begani. Sijamkaribisha hata maji, yuko juu ya bati. Nikamuuliza kifaa cha kupimia mawimbi kiko wapi. Akanijibu TV yenyewe ndiyo kipimo, nimwachie kazi yake.

Basi mama yangu, mtu mzima wa miaka sabini na ushee, akasimamishwa mbele ya TV anapaza sauti dirishani, "Bado baba! Bado! Hapo hapo!" huku yule kijana analisukuma dishi kwa goti. Picha ilipotokea tu, akakaza nati, akashuka, akaomba elfu kumi ya usumbufu. Nikampa. Nusu saa haikufika.

Alichokiacha juu nilikiona baadaye. Hakuweka bomba wala hakugusa ukuta. Kafunga dishi kwenye bati moja kwa moja, na matundu kayatoboa bondeni, pale pale maji yanapopita, bila mpira, bila silikoni. Waya haukufika sebuleni, akaunga njiani kwa kusokota nyuzi mbili kwa mkono na kuzungushia tepu nyeusi ya umeme. Kisha akaupitisha dirishani, na tangu siku hiyo dirisha halifungi. Mama analala na mbu kwa sababu mtu aliona uvivu kutoboa tundu moja ukutani.

Wiki ya kwanza, karibu nusu ya chaneli hazionekani. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada akaniambia hizo chaneli ziko kifurushi cha juu. Nikalipia cha juu. Hazikuonekana! Nikapiga tena: zima, chomoa, subiri dakika tano, washa. Nimefanya hivyo siku nne mfululizo. Masika yalipoanza, TV ikawa inakata tangu wingu la kwanza mpaka kesho yake. Taarifa ya habari ya saa mbili, ambayo mama haikosi tangu enzi za redio, akawa anasimuliwa na jirani. Kila nikipiga simu, jibu moja: "Ni hali ya hewa, mpendwa mteja."

Hapo ndipo nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu tunadanganywa wengi.

Ni kweli mvua inasumbua dishi. Haya madogo ya nyumbani yanapokea masafa ya gigahezi 10 na kitu hadi 12 na kitu, na matone makubwa yanayanyonya mawimbi hayo. Lakini dishi lililoelekezwa sawasawa linabaki na akiba. Ikija mvua kubwa ya radi linakata dakika kadhaa, mvua ikipungua linarudi. Likikata kwa manyunyu, au likakaa siku nzima bila picha wakati jua limeshatoka, usikubali kuambiwa ni hali ya hewa. Limefungwa vibaya. Setilaiti iko kilometa 36,000 juu ya ikweta, na dishi la sentimeta 90 likikosea mwelekeo kwa nyuzi (digrii) moja tu, nusu ya nguvu imepotea. Sasa niambieni, goti la mtu linapima nyuzi moja?

Nilimwita mzee mmoja wa mtaani, fundi wa redio na TV tangu zamani. Alikuja na dira, pimamaji na kile kifaa kidogo cha kutafutia mawimbi. Kabla ya kupanda alifungua menyu ya king'amuzi akanionesha mistari miwili. Wa nguvu ulikuwa 88. Wa ubora ulikuwa 31. Akasema, "Kijana wangu, huu wa nguvu usikupumbaze, unakwambia tu LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, inapata umeme. Picha inakaa kwenye ubora." Kisha akaukata ule muungo wa tepu nyeusi. Wakuu, maji yalitoka ndani ya waya! Yalidondoka kwenye kiganja chake, meusi meusi, na shaba ya katikati ilikuwa imeota kutu ya kijani. Mama akashika mdomo.

Ndipo nikajua ile nusu ya chaneli zangu ilikwenda wapi. King'amuzi hupeleka umeme kwenye LNB kupitia waya ule ule, volti 13 kwa kundi moja la mawimbi na volti 18 kwa kundi la pili. Muungo ukiwa umeoza, zile 18 zinafika pungufu, LNB inabaki kundi moja, na chaneli za kundi lingine hazipatikani hata ulipie kifurushi cha dhahabu. Yaani nililipishwa kifurushi cha juu kutibu waya mbovu waliouunga wao wenyewe. Hiyo hela ni ya mama yangu na naitaka.

Mzee aliweka bomba la chuma ukutani kwa fisha na boliti, akalinyoosha kwa pimamaji, akavuta waya mmoja wa RG6, ule mnene wa dishi, usio na kiungo, akauachia kitanzi chini ya LNB ili maji yadondoke yasifuate waya hadi ndani. LNB akaizungusha kidogo tu kwenye kishikio chake. Ubora ukapanda hadi 79. Dishi ni lile lile, king'amuzi kile kile. Alitumia saa mbili na ushee, na usiku ule mvua ilinyesha na mama akaangalia taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho.

Sasa kuhusu ubishi wetu wa kila siku, kipi bora. Mnaotaka Ligi Kuu yetu mtachukua Azam, wana mkataba wa miaka 10 na TFF, shirikisho la soka, tangu 2021, wa Sh bilioni 225.6. Mnaotaka ligi ya England mtachukua DStv kwa ajili ya chaneli zake za michezo, SuperSport. Hilo halina mjadala mrefu, kila mtu na mpira wake na mfuko wake. Asiye na haja ya dishi, antena ya kawaida inamtosha kama mnara uko karibu. Ila ukisikia mtu anasema "kampuni fulani inakata sana, hamia fulani", muulize kwanza nani alimfungia. Ukiwa Dar, setilaiti ya DStv ya nyuzi 36 Mashariki iko karibu utosini, ya Azam ya nyuzi 7 Mashariki utaitazama upande wa magharibi, imeinuka kama nyuzi 50 kutoka upeo wa macho. Ni kazi mbili tofauti, na fundi aliyezoea moja akaifanya nyingine kwa kubahatisha atakuachia mawimbi ya kuungaunga. Nimekaa na ving'amuzi vya kampuni tatu kwa miaka hii. Kile nilichokisifu kuliko vyote ndicho kilichofungwa na mtu mwenye kipimo.

Jina la kampuni yangu silitaji, shauri liko mezani kwao. Nilichojibiwa hadi leo ni kwamba yule kijana si mwajiriwa wao, ni wa wakala, na wakala anasema ni kibarua tu. Lakini risiti ina nembo yao, na "ufundi bure" imeandikwa kwenye bango lao! Tena kijana mwenyewe nilikuja kumpata kwenye simu: analipwa kwa kichwa, kila dishi na hela yake, kifaa cha kupimia ajinunulie. Kwa utaratibu huo atapimaje? Hasira yangu kwake imepungua, kwao imezidi.

Jipsamu ya chumba cha mama imevimba na ina doa jeusi ukubwa wa sinia. Jumatatu nimewapelekea barua yenye picha za bati, dari, na ule waya, na nimegongewa muhuri wa kupokelewa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanataka uanze na mtoa huduma mwenyewe, nimeanza. Nadai tofauti ya kifurushi, gharama ya fundi wa pili, bati na dari.

Kama na wewe ulifungiwa bila kipimo, weka picha ya dishi lako na ya muungo wa waya, taja mtaa na mwezi. Nitazichapa zote niambatanishe.