Mjadala: Kiongozi wa dini apewe imani au apewe amana?

Ndugu zangu, majuzi nimewasikiliza watu wawili ninaowaheshimu wakibishana mpaka wakaachana bila kuagana. Mmoja alisema, "Mimi na Mungu wangu, basi. Dini zimeshakuwa biashara." Mwenzake akamjibu, "Kondoo asiye na mchungaji ni wa fisi." Nilitoka pale nimeguswa na wote wawili, na sikukubaliana na yeyote kati yao. Naomba niseme langu, kisha mnipinge.

Kwangu mimi, imani ni ya Mungu peke yake. Kiongozi wa dini, awe padri, mchungaji, sheikh au nabii wa kujitangaza, hapewi imani. Anapewa amana. Lugha yetu imeshatupambanulia jambo hili siku nyingi, ni sisi tu tunalipita. Imani, kuamini, amana, mwaminifu, yote ni shina moja, lakini hakuna anayeyachanganya. Amana ni kitu changu nilichokuwekea. Ukikitunza vizuri nitakushukuru na kukuombea, ila kinabaki changu, na siku nikija kukiuliza huna sababu ya kununa. Roho yangu, akili yangu, mwili wangu, fedha zangu, watoto wangu: vyote hivi naweza kumwekea mtu mwema anisaidie kuvilea. Kumpa moja kwa moja, hapana.

Sikulipata hili vitabuni. Dada yangu ana kifafa. Miaka ile tulihama kanisa tulilolelewa kwa sababu tuliliona limepoa, tukaingia kwenye kikundi cha maombi kilichokuwa na moto. Kiongozi wake akamwambia dada kwamba kuendelea kumeza dawa ni sawa na kumwambia Mungu ni mwongo. Hakumshika mkono wala hakumtisha. Dada mwenyewe alizifunga dawa zake kwenye leso, akaenda nazo mbele, akaziweka mezani. Watu wakashangilia. Naliona fundo la leso ile mpaka leo, na sisahau kwamba hata mimi nilipiga makofi.

Siku ya tisa alianguka bafuni akiwa peke yake, akapasuka kichwa. Kiongozi hakufika hospitali. Alituma neno kwamba imani ya dada ilikuwa na ufa. Aliyefika ni mzee mmoja wa kwaya wa lile kanisa tuliloliacha kwa kuwa limepoa. Alikaa na mama kwenye benchi usiku tatu mfululizo. Hakuhubiri hata neno moja. Nilimwona akimuuliza daktari vipimo vya dawa, kimoja kimoja, na kuviandika nyuma ya bahasha ili mama asivisahau.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema dini zote ni wizi, namkumbuka mzee yule na bahasha yake. Nikisikia mwingine anasema tii kwanza, maswali baadaye, naliona fundo la leso.

Nije kwa wale wanaotaka tutii. Tarehe 18 Novemba 1978, huko Guyana, zaidi ya watu 900 walikufa kwenye makazi ya wafuasi wa mhubiri Mmarekani, Jim Jones, wengi wao kwa kinywaji kilichotiwa sumu. Watoto walikaribia theluthi moja. Wengi wetu tunajua hivyo tu, tunasema walikuwa wajinga, tunaendelea na mambo yetu. Lakini mazungumzo ya saa ile ya mwisho yalirekodiwa kwenye kanda, na ndani ya kanda ile yumo mwanamke mmoja, Christine Miller, aliyesimama mbele ya umati akampinga kiongozi wake. Aliuliza kama hakuna njia nyingine. Alisema watoto wachanga wanastahili kuishi. Akasema maadamu kuna uhai kuna matumaini, na kwamba hiyo ndiyo imani yake.

Hiyo ndiyo imani yake! Mwenye imani pale alikuwa nani, kama si yeye? Na hakunyamazishwa na Jones. Jones alimwacha aseme, wakajibizana. Waliomzomea ni waumini wenzake. Mmoja wao alimwambia kwamba yeye amesimama pale kwa sababu tu huyo kiongozi alikuwepo kwanza. Kauli hiyo tumeisikia wangapi kwa maneno mengine? "Bila mtumishi ungekuwa wapi leo?" "Umesahau alikokutoa?" Ukishaambiwa hivyo, jua amana yako imegeuzwa deni, na wewe mwenye mali ndiye unayedaiwa. Christine Miller alikufa pamoja nao.

Sasa upande wa pili, na hapa nitasema jambo ambalo marafiki zangu wa "mimi na Mungu wangu" hawalipendi. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililokuwa limetangaza kwamba dunia ingekwisha mwisho wa mwaka 1999. Kundi lile lilianzaje? Miongoni mwa viongozi wake alikuwemo Credonia Mwerinde, aliyesema anatokewa na Bikira Maria. Mtu na maono yake, hakuna wa kumuuliza. Ile ilikuwa imani binafsi kabisa, iliyokataa kupimwa na mtu yeyote wa nje, kisha ikapata wafuasi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakamwone Mungu. Mhubiri anayeshtakiwa amekana mashtaka, na mahakama ifanye kazi yake. Ninachouliza ni hiki: juu ya kundi kama lile kulikuwa na nani? Baraza gani la wazee lilikuwa na uwezo wa kuingia, kufungua milango na kusema hapana?

Kwa hiyo anayesema dawa ya kiongozi mbaya ni kila mtu akae na Mungu wake chumbani, mimi namwona anaacha mlango wazi kwa kiongozi mbaya kuliko yule wa kwanza. Ukiwa peke yako, sauti yako na sauti ya Mungu zinafanana sana.

Simulizi ninayoirudia kila nikifikiria haya ni ya Samweli na mzee Eli, kuhani aliyemlea. Nyumba ya Eli ilikuwa imeoza. Wanawe walikuwa makuhani, na Biblia inatuonyesha walivyoiba: mtumishi wao alikuja na uma wa meno matatu, akauchoma ndani ya chungu cha mtu aliyeleta sadaka, chochote kilichonaswa kikawa cha kuhani. Eli aliwaonya kwa maneno, lakini hakuwazuia. Kama palikuwa na mahali pa mtu kusema "dini imeshakuwa biashara", ni pale. Na ni humo humo mtoto Samweli alimokuwa amelala alipoitwa usiku. Aliisikia sauti, akadhani ni mzee, akamkimbilia. Mara tatu. Mtoto alikuwa na sikio, ila hakujua anachokisikia. Ni Eli, mzee mwenye macho yaliyofifia na nyumba iliyooza, aliyetambua na kumwambia arudi akalale, na akiitwa tena ajibu, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia."

Tazameni kilichofuata. Ujumbe aliopewa mtoto ulikuwa hukumu juu ya Eli mwenyewe. Asubuhi mzee akamwita, akamsihi asimfiche hata neno. Akaambiwa yote. Hakumfukuza mtoto, hakumwita muasi, wala hakumwambia kwamba bila yeye asingejua hata kusikia. Alisema, ni Bwana, na afanye alionalo kuwa vyema. Kwa makosa yake yote, saa ile Eli aliirudisha amana. Alimfundisha mtoto kusikia, na kilichosikika kilipomgeukia yeye, alikipokea.

Mimi kiongozi ninayemtaka ni huyo, na watu wa "peke yangu" naomba mnieleze Samweli angefanyaje bila ya Eli.

Najua yatakayoletwa mbele yangu, maana nimeshaletewa. La kwanza: "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu. Zaburi ya 105 inamsimulia Ibrahimu na wanawe walipokuwa wageni wachache wanaotangatanga, na wanaoonywa ni wafalme, wasiwadhuru. Inamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Tumeigeuza ikawa ngao ya mwenye nguvu dhidi ya mjane anayeuliza sadaka imekwenda wapi. Na Daudi, mpakwa mafuta kweli kweli, alipochukua mke wa mtu na kumuua mume, nabii Nathani hakukaa kimya. Alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo."

La pili ni Waebrania 13:17, "Watiini wenye kuwaongoza." Sawa, malizeni aya. Inasema wanakesha kwa ajili ya roho zenu "kama watu watakaotoa hesabu". Hesabu! Mtu hatoi hesabu ya kitu chake mwenyewe.

Kwa ndugu zangu Waislamu, aya inayotajwa sana ni ile ya sura ya Nisaa, 59, ya kumtii Mwenyezi Mungu, kumtii Mtume na wenye mamlaka. Ile inayoitangulia, ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Na hiyo ya 59 yenyewe inasema mkizozana, jambo lirudishwe kwa Mwenyezi Mungu na Mtume; wenye mamlaka hawatajwi tena. Abu Bakr alipochukua uongozi wa Waislamu baada ya Mtume kufariki, mwaka 632, alisimama akawaambia watu kwamba amepewa kuwasimamia ilhali si mbora wao, akifanya vyema wamsaidie, akikosea wamnyooshe.

Tena Uislamu una jambo ambalo natamani wote tungelijua zaidi. Wanazuoni wa hadithi, yaani habari za maneno na matendo ya Mtume, hawakuridhika na "mcha Mungu fulani kasema". Walijenga elimu nzima ya kuwachambua wapokezi, mmoja baada ya mwingine: aliishi lini, alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia, kumbukumbu yake ilikuwaje, amewahi kusema uongo? Mtu aliweza kuwa mwema, mfungaji na mwenye kusali usiku, na bado habari aliyoipokea ikawekwa kando kwa sababu alikuwa anachanganya. Hawakuwa wanaharakati wanaoipinga dini. Dini yenyewe, kwa taasisi yake, ilikuwa inajipima kwa kuwa inachokibeba ni kizito.

Wapo watakaosema taasisi nazo huficha. Ni kweli, na sitalipamba. Mwaka 2018 jopo la uchunguzi la Pennsylvania, Marekani, lilitaja mapadri zaidi ya 300 na kubaini watoto zaidi ya 1,000 waliodhulumiwa katika majimbo sita ya Kikatoliki kwa miongo kadhaa, huku wakubwa wakilinda jina la kanisa. Nikisoma mambo kama hayo natetemeka kwa hasira. Lakini waliotoboa siri ni watu waliosema, wakaandikwa, wakapelekwa mbele ya sheria. Walidai amana. Kama kila mmoja angebaki chumbani na Mungu wake na jeraha lake, wale wakubwa wangekuwa wametulia mpaka leo.

Dada yangu sasa anasali kule kule tulikoanzia, anameza dawa zake asubuhi na jioni. Mimi nilikaa miaka kadhaa bila kwenda popote. Nilirudi baada ya kuona fedha za ibada zikisomwa mbele ya wote na mama mmoja akasimama kuuliza kiasi kisichoeleweka. Mchungaji alisema hajui, atauliza, na wiki iliyofuata akaleta jibu. Lilikuwa jambo dogo sana, lakini lilinirudisha.

Haya, nawaachia uwanja. Wanaosema tutii, na wanaosema tuabudu kila mtu kivyake, naomba kila mmoja anijibu swali moja kabla ya mengine. Anayekuongoza, hata kama ni moyo wako mwenyewe, ni lini mara ya mwisho alikosolewa mbele ya watu? Na huyo aliyemkosoa, leo bado anakaa pamoja nanyi, au alikwenda wapi?