Viwanda vya zamani vilivyobaki magofu: vibomolewe au vihifadhiwe?

Mtoa hoja: Kiwanda cha zamani kikishakuwa gofu, hoja ya kwanza kusikika ni kwamba kibomolewe, kwa kuwa kimekwisha kazi na kiwanja chake kinahitajika. Napinga, na ushahidi wangu ni kinu cha kitani cha Ditherington, mjini Shrewsbury, Uingereza. Kilijengwa mwaka 1797, wakati ambapo vinu vyenye sakafu za mbao viliteketea mara kwa mara, kwa sababu vumbi la nyuzi, mafuta ya mitambo na taa za moto vilikaa chumba kimoja. Mbunifu wake, Charles Bage, aliachana na mbao, akasimamisha nguzo na boriti za chuma cha kusubu, na sakafu akaziweka juu ya matao ya matofali. Ukizitazama nguzo hizo kwa karibu utaona zina umbo la msalaba na zimenenepa katikati, pale ambapo mzigo hutaka kuzipinda. Maghorofa marefu ya leo yanarithi wazo hilo la kiunzi cha chuma. Jengo hilo, ambalo baadaye liligeuzwa la kuandalia kimea, lilifungwa mwaka 1987 na halikufunguliwa tena kwa umma hadi 2022. Katika miaka yote hiyo lilionekana gofu tu.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, umechagua jengo la pekee. Magofu mengi yana asbesto mapaani, yaani madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na udongo wake umekunywa lami na mafuta kwa vizazi. Jirani anayevuta vumbi lake halindwi na historia. Isitoshe, uhifadhi mara nyingi huokoa kuta na kuifuta kazi iliyofanyika ndani yake. Kituo cha umeme cha Bankside, London, kilifungwa mwaka 1981, na mwaka 2000 kikafunguliwa kuwa jumba la sanaa la Tate Modern. Ukumbi wake mkuu bado unaitwa Ukumbi wa Turbini, ilhali turbini zenyewe, mitambo ya kuzalisha umeme, ziliondolewa.

Mtoa hoja: Kuhusu sumu, ndugu yangu, siwezi kukubishia: isafishwe kwanza, na pasiposafishika, watu wasikae. Lakini kubomoa peke yake hakusafishi udongo, na asbesto ikivunjwa ovyo ndipo nyuzi zake hupeperuka.

Hoja yako ya pili ndiyo inayoniuma. Kisiwa cha Hashima, Japani, ambacho mgodi wake wa makaa ya mawe ulifungwa mwaka 1974, kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2015, na mwaka 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ikasikitika kwamba habari za Wakorea waliofanyishwa kazi huko kwa nguvu hazikuelezwa vya kutosha. Kwa hiyo nakiri kwamba kuta zinaweza kuhifadhiwa na ukweli ukafichwa. Hata hivyo, kama majengo hayo yangefukiwa, wanaodai habari hizo zisimuliwe wangedai ziandikwe kwenye ukuta upi?